Farasi wa Ulaya Chiungutwa: bei ya kununua si bei ya kufuga

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huo una kazi kubwa mkoani Mtwara kila msimu wa korosho unapomalizika, fedha zinapoingia kwenye akaunti na kila mwenye nacho anapoanza kupanga la kufanya. Wengi hununua mabati, pikipiki au kiwanja. Wachache waliopata nyingi zaidi hutamani kitu ambacho jirani hana na hatakuwa nacho karibuni. Kitu kimoja cha namna hiyo ni farasi. Si farasi wa kuvuta mkokoteni, bali farasi wa ukoo mkubwa, mwenye hati za uzazi wake, aliyeagizwa ng'ambo na kuletwa kwa ndege ili apandwe jioni kwa starehe.

Hakuna ubaya mtu kustarehe kwa fedha zake halali. Starehe nayo ni biashara, na inawapa watu kazi. Tatizo la farasi huyu liko kwingine. Mnunuzi wake analipia sifa ambazo hatazitumia kamwe, na papo hapo anaikosa sifa moja anayoihitaji kuliko zote, yaani uwezo wa mnyama huyo kuishi mahali anapopelekwa.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyezaliwa Chiungutwa, wilayani Masasi, akafanikiwa mjini na sasa amejenga nyumba ya mapumziko kijijini. Akiulizia bei Ujerumani au Uholanzi ataambiwa kwamba farasi mzuri wa kupandwa, aliyefundishwa vyema, anaweza kufika Yuro 15,000 na kuendelea. Hiyo ni zaidi ya Sh40 milioni kabla ya ndege, vibali vya mifugo, vipimo vya damu na karantini. Kwa lugha ya Masasi, ikiwa kilo moja ya korosho ni Sh4,000, hizo ni tani 10 za korosho. Ikiwa kila mkorosho utatoa kilo 10, ni mavuno ya miti 1,000 ya msimu mzima, bila kutoa gharama za salfa, palizi, kuokota na makato ya ushirika.

Fedha hizo zinanunua nini? Zinanunua vizazi vya uchaguzi wa damu na miaka ya mafunzo. Farasi wa michezo huanza kupandwa akiwa na miaka 3 au 4, na kumfundisha kuruka viunzi au kwenda hatua za mashindano huchukua miaka mingine kadhaa. Mwenye kushindana Ulaya analipa kwa sababu sifa hizo zitamrudishia ushindi, jina na bei nzuri ya mauzo. Mwenye kutaka kuzunguka mashamba ya mikorosho kwa mwendo wa polepole hahitaji hata robo yake. Anachohitaji ni mnyama mtulivu, asiyeshtuka ovyo, mwenye kwato imara na tumbo lisilosumbua, ambaye ameshakutana na magonjwa ya nchi hii akayashinda.

Hapo ndipo shida inapoanza. Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote na wafuga farasi kusini mwa Sahara ni ule uitwao ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Unasababishwa na virusi vinavyoenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili, na punda mara nyingi huhimili. Farasi mgeni hana kinga hiyo. Hupata homa, huvimba juu ya macho, hutoa povu puani na huweza kufa ndani ya siku chache. Katika aina kali ya ugonjwa huo, farasi 9 kati ya 10 wasio na kinga wanaweza kufa. Huko Rasi, Afrika Kusini, mlipuko wa mwaka 1854 na 1855 uliua farasi wapatao 70,000.

Chanjo ipo, na kwa miongo mingi imetengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Lakini chanjo hiyo inahitaji kuagizwa, kuwekwa kwenye baridi bila kukatika na kurudiwa na mtaalamu anayejua kazi yake. Hata baada ya chanjo, ushauri wa kawaida ni kumwingiza farasi bandani kabla ya magharibi na kumtoa jua likishapanda. Mwenye farasi naye atatoka kwenye shughuli zake saa 11 au saa 12 jioni akitaka kupanda. Saa ya starehe ya bwana ndiyo saa ya hatari ya mnyama.

Mchana nao una mbung'o. Sehemu kubwa ya kusini mashariki mwa Tanzania, hasa penye vichaka na wanyamapori kuelekea bonde la Ruvuma, imejulikana tangu zamani kwa mdudu huyo, na nagana anayoieneza ni sababu mojawapo kubwa iliyofanya wenyeji wa Mtwara wawe watu wa jembe zaidi kuliko watu wa ng'ombe. Farasi huumizwa na nagana vibaya kuliko ng'ombe wa kienyeji.

Historia ya eneo hili imeshalipa ada ya somo hilo. Machi 1866 Dk. David Livingstone alishuka Mikindani akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu wa kupandwa 2 na punda 4. Baadhi ya wanyama hao walitolewa India, na nia yake ilikuwa kujaribu kama wangeweza kustahimili mbung'o. Msafara ulifuata bonde la Ruvuma, kando ya uwanda wa juu wa Makonde, kuelekea Ngomano. Wanyama waliumwa na mbung'o, lakini pia walibebeshwa kupita kiasi, wakapigwa na kujeruhiwa na watu waliopewa kazi ya kuwatunza. Walipoanza kufa mmoja mmoja, Livingstone mwenyewe alikiri kwamba jaribio limeharibika, kwa kuwa haikuwezekana tena kutenganisha kazi ya mbung'o na kazi ya fimbo. Mnyama wa gharama anaweza kuuawa na mdudu, na anaweza kuuawa na mtunzaji asiyejua thamani wala mahitaji yake.

Miaka 50 baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliingia Tanganyika na vikosi vya wapanda farasi. Katika mwaka 1916 farasi walikufa kwa maelfu kutokana na mbung'o, ugonjwa wa farasi, njaa na mvua. Vita vilipofika Masasi na Newala mwaka 1917, mzigo mkubwa wa majeshi ulikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi wa Kiafrika. Serikali zile zilikuwa na madaktari wa mifugo, dawa na meli za kuleta farasi wengine. Mfanyabiashara mmoja wa Chiungutwa hana hata kimoja cha hivyo.

Mtu anaweza kuuliza, mbona Zanzibar walikuwa na farasi? Ni kweli. Watoto wa Seyyid Said walifundishwa kupanda tangu wakiwa wadogo, na Bi Salme ameeleza habari hizo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Lakini farasi wale walikuwa mali ya dola yenye meli zake, iliyoweza kuleta wengine kutoka Arabuni kila walipohitajika. Na katika simulizi hizo hizo wamo punda weupe wa Maskati, waliopandwa na wakubwa bila kuona aibu. Mbung'o wa Unguja hawakutoweka hadi ulipofanyika mradi wa miaka 1994 hadi 1997, ambapo madume waliohasiwa kwa mionzi walizalishwa Tanga na kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Ilihitaji serikali na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kusafisha kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 1,600. Banda la mtu mmoja haliwezi kufanya hivyo.

Ukiacha magonjwa, kuna maji, na kwa watu wa Newala na majirani zao hili halihitaji maelezo marefu. Uwanda wa juu wa Makonde una udongo wa kichanga unaomeza mvua haraka, na kwa vizazi vingi wanawake wameshuka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukipanuliwa na kukarabatiwa kwa miongo mingi, kwa sababu kusukuma maji hadi juu ni kazi ya gharama. Farasi mmoja mwenye uzito wa kilo 500 hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto au baada ya kupandwa. Hizo ni hadi ndoo mbili na nusu za lita 20 kila siku ya Mungu, kabla ya kumwosha. Mwezi Oktoba, visima vikikauka na foleni ya ndoo ikirefuka, mnyama wa starehe atakunywa sawa na mahitaji ya watu kadhaa. Hata kama mwenyewe amelipia, kijiji kitahesabu.

Oktoba huo huo ndio mwezi wa kuokota korosho. Saisi, yaani mtunza farasi, hapatikani kirahisi wakati kila mwenye mikono miwili yuko chini ya mikorosho. Farasi naye hajui msimu. Anahitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku, kusafishwa banda, kukaguliwa kwato na kutembezwa. Kwato zake zinatakiwa kuchongwa na fundi kila baada ya wiki 6 hadi 8, na meno kusuguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Mafundi wa namna hiyo wako Arusha, Nairobi na sehemu chache nyingine zenye farasi, si Masasi.

Chakula nacho ni mtego. Farasi si ng'ombe. Hacheui, hawezi kutapika, na tumbo lake likijisokota anaweza kufa kabla daktari hajamaliza safari. Anahitaji majani makavu safi yapatayo kilo 10 kwa siku. Akilishwa juu ya mchanga atameza mchanga pamoja na majani, nao utamjaa utumbo. Majani yaliyo chini ya mikorosho iliyopuliziwa salfa si ya kukatwa bila kufikiri. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu wengine huona yanafaa kwa mifugo, ni hatari kubwa kwake, kwa sababu aina moja ya sumukuvu iliyomo inaweza kuharibu ubongo wa farasi.

Hatari nyingine iko kwenye duka la pembejeo ambalo kila mfugaji analiamini. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, inayotumika sana kuua kupe, inaweza kusimamisha utumbo wa farasi. Chakula cha kuku chenye monensini, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga, kinaweza kumuua kwa kuuharibu moyo wake. Muuza duka hana kosa, kwani dawa hizo zimetengenezwa kwa wanyama wengine. Kosa ni la aliyeleta mnyama ambaye duka halimjui.

Huenda mnunuzi akajipa moyo kwamba mambo yakiwa magumu atauza. Hapa ndipo hesabu ya biashara inapokataa kabisa. Korosho zikishindikana kuuzwa leo, zinakaa ghalani kwa stakabadhi. Ng'ombe au mbuzi akishindikana kufugwa, ana mnunuzi mnadani. Farasi wa Sh40 milioni hana mnada Masasi, wala nyama yake haina mteja. Na kumrudisha Ulaya si jambo la kubadili tiketi. Nchi zisizo na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huzuia au huwekea masharti makali farasi wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na zina sababu. Hispania iliingiziwa virusi mwaka 1987 na pundamilia walioletwa kutoka Namibia, ikasumbuka hadi mwaka 1990. Thailand ilipoteza mamia ya farasi mwaka 2020. Kwa hiyo farasi wa Ulaya anayeingia Chiungutwa amekata tiketi ya kwenda tu. Thamani iliyo katika hati zake za ukoo hubaki kwenye karatasi siku anaposhuka kwenye ndege.

Hata Rais wa Marekani aliwahi kuona uzito wa mnyama wa aina hiyo. Mwaka 1840 meli ya Seyyid Said iitwayo Sultana ilifika New York, na miongoni mwa zawadi alizopelekewa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria za nchi yake hazikumruhusu kuwachukua, na mwishowe farasi hao wakapigwa mnada kwa amri ya Bunge. Wao walikuwa na mnada wa kuwapeleka.

Isidhaniwe kwamba kila cha kutoka ng'ambo hakifai Masasi. Mkorosho wenyewe ni mgeni. Ulitoka Brazili na kuletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno, na leo ndio unaosomesha watoto wa Chiungutwa. Lakini mkorosho ulishinda kwa kuwa unaafiki mchanga, unavumilia kiangazi kirefu na hauhitaji kunyweshwa ndoo. Na hata huo, ubwiriunga ulipoushambulia, haukuokolewa kwa kuagiza miche ya bei kubwa kutoka nje. Watafiti wa Naliendele walichagua miti iliyofanya vizuri hapa hapa, wakaizalisha na kuwapa wakulima miche ya kubebesha pamoja na ushauri wa dawa. Mkulima wa Masasi anajua kanuni hii kuliko mtu yeyote: mbegu bora ni ile inayozaa katika shamba lako, si ile iliyosifiwa katika shamba la mwingine.

Kanuni hiyo haimhusu tajiri mwenye ndoto ya farasi peke yake. Inamhusu pia mkulima wa kawaida anayetaka kununua ng'ombe wa maziwa wa damu kamili ya Kizungu bila kuwa na josho, majani wala maji, wakati chotara mwenye maziwa machache zaidi angemlipa kwa miaka mingi. Inamhusu anayenunua mashine kubwa ambayo vipuri vyake havifiki Masasi. Ubora unaolipiwa bila kutumika ni hasara tu, hata kama unapendeza macho.

Basi afanye nini mtu anayependa farasi kwa dhati? Kwanza, akodi kabla ya kununua. Arusha na Kilimanjaro yapo mashamba yanayopandisha wageni farasi, na Nairobi ina wafugaji wa miaka mingi. Siku chache huko zitamwonyesha kama anapenda farasi au anapenda kuonekana juu ya farasi. Pili, akiamua kununua, atafute mnyama aliyezaliwa na kukulia Afrika Mashariki, mtu mzima, mtulivu, mwenye kumbukumbu za chanjo. Farasi aliyestaafu mbio katika uwanja wa Ngong, akishafundishwa upya na kuthibitishwa na daktari kuwa mzima, anaweza kumtosheleza mpanda starehe kwa sehemu ndogo ya bei ya Ulaya. Naye pia atahitaji chandarua, banda la kufungwa mapema na daktari wa karibu, lakini angalau hatakuwa mgeni wa kila kitu.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, atangulize mahali kabla ya mnyama. Ajenge tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa lake, litakalovuka Oktoba na Novemba bila kugusa foleni ya kijiji. Apande majani, ayavune na kuyahifadhi makavu. Amsomeshe kijana mmoja wa Chiungutwa kazi ya usaisi na kuchonga kwato, amlipe mwaka mzima, si msimu. Azungumze na daktari wa mifugo wa wilaya ajue ni dawa gani zitapatikana na kwa muda gani. Kisha asubiri kiangazi kimoja kizima kipite. Kama Novemba itafika tangi likiwa bado na maji na ghala la majani likiwa halijaisha, atakuwa amepata jibu ambalo hakuna muuza farasi wa Hamburg anayeweza kumpa.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba hauna hasara hata ndoto ikibadilika njiani. Tangi litanywesha nyumba, majani yatalisha mbuzi na ng'ombe, na kijana atakuwa na ujuzi. Farasi wa Yuro 15,000 akitangulizwa kabla ya hayo yote, kitakachobaki ni shimo refu nyuma ya banda, hatamu ya ngozi ukutani na hati ya ukoo wa mnyama ambaye hakumaliza masika ya kwanza.